Wimbo Namba Nne Iko na Jina Yangu

Alhamisi. Baridi ya Julai, ile huingia kwa magoti ikatae kutoka. Jua sijaiona tangu Jumatatu, na mimi mwenyewe sijacheka tangu saa nane mchana, kitu wenye wananijua hawataamini.

Nimechoka na watu. Nimechoka na ndugu yangu, nimechoka na gita yake, na zaidi nimechoka na hii mdomo yangu. Wacha nianze mwanzo kabla nikasirike upya.

Hii blog nilifunguliwa na Mwende, msichana wangu. Alisema, "Mum, badala ya kupigia watu kumi simu uwaambie story moja, si uandike mara moja wasome." Kwa hivyo naandika. Shule niliachia darasa la tano, penye nimekosea herufi ruka tu uendelee.

Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Satellite, Nairobi. Cherehani yangu iko mlangoni, ile ya kukanyaga na miguu. Watu husema Kamene anapenda udaku, lakini mtu akisimama apimwe kiuno lazima aongee, sijui kwa nini, ni kama kiuno na mdomo zimeshonwa na uzi moja. Mimi huwa siulizi. Huwa nimeshika tepu tu, nasema "eeeh" na "kumbe." Ndio maana najua nani amehama kwa nani, na ni nani anaongezewa nguo kiunoni na si chakula.

Ndugu yangu anaitwa Musyoka. Ni kitinda mimba wa mama yetu, mwaka ujao anafika hamsini. Mchana ni fundi wa stima. Jumapili mchana anapiga gita kwa hoteli moja huko Karen, watu wakikula nyama. Anapiga blues.

Hiyo blues ilimpata akiweka waya kwa nyumba ya mzee fulani mwenye alikuwa na sahani za zamani za muziki. Alikuja hapa dukani jioni macho imetoka, akaniambia, "Kamene, kuna watu wa Amerika wanalia kama Wakamba." Basi hakurudi nyuma. Mimi kusema ukweli nilikuwa naona hiyo ni muziki ya mtu mvivu wa kucheza. Iko pole pole. Na mtu anaimba mstari moja mara mbili, kama mtoto ametumwa dukani na anaogopa kusahau.

Lakini gita yenyewe alijifunzia River Road, zamani, wakati alikuwa anabeba spika za wanamuziki akipandisha hizo ngazi za studio. Na huko River Road alifunzwa kitu moja haitawahi kumtoka: wimbo lazima ikuwe na jina ya mtu. Wewe mgeni pengine hujui hii. Kwetu msanii anakutaja jina, anataja baba yako, kama sisi wetu ni Mutinda, anataja soko ya kwenu, na wewe hapo ulipo unanyoosha shati. Kuna watu walizikwa kitambo na bado wanatajwa kwa redio. Kutajwa ni heshima. Mtu anaweza kununulia mwanamuziki mbuzi mzima ndio atajwe mstari nusu.

Hapo kwa heshima ndio mimi nilianguka.

Mwaka huu kuna produsa anaitwa Odhis, mtu mzima wa ndevu za mvi, alimskia Musyoka hotelini akamwambia wewe unastahili kutoa albamu. Albamu ya studio, si kurekodiwa na simu ya mtu akitafuna. Nyimbo nane. Kwa miezi minne ndugu yangu amekuwa akienda studio ya huyo Odhis, huko huko Karen, kila mara kazi ya stima ikiisha, na mimi nikiuliza ameimba nini ananiambia, "Utaskia." Mimi. Ananiambia mimi utaskia.

Jumatatu nilikuwa naenda River Road kununua zipu na vifungo. Akaniomba nipitie kwa wachapishaji niangalie sampuli ya kava, kama rangi imetoka poa. Nikapanda hiyo ngazi, nikapewa karatasi. Mbele ni yeye na gita, amenyoa, anakaa kama mtu wa maana. Nyuma ni majina ya nyimbo. Nikaanza kusoma pole pole na kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

KAMENE.

Nilishuka hiyo ngazi sioni vizuri. Nilisimama hapo chini katikati ya watu wamebeba mabomba na wanaume wananiambia "mathe, songa," na mimi nalia kidogo na karatasi imefunikwa na leso isinyeshewe. Dada yako anakulea, unakula kwake, unalala nyuma ya duka yake miaka tisa, halafu siku moja unamtaja. Nilisema Mungu ameona.

Halafu nikatoa simu.

Kabla nifike Satellite nilikuwa nimeambia watu kumi na mmoja. Wa kwanza ni Mama Shiro. Huyu anauza mboga ukuta kwa ukuta na mimi, tumekaa pamoja miaka kumi na tano, na ndiye kiongozi wa kikundi yetu ya maombi ya akina mama. Mtu mpole. Akasema, "Wewe Kamene sasa utatusalimia kweli?" Nikamwambia Jumamosi saa kumi kila mtu kwa duka yangu, nitaomba spika kubwa, tutaskiza wimbo yangu pamoja. Nikaambia na wateja. Nikaambia na mtu wa gesi.

Wimbo yenyewe nilikuwa sijaskia.

Sasa leo nikaenda Karen kuiskia. Ile studio iko kwa kale kanyumba ka mfanyikazi, nyuma ya nyumba kubwa, ukuta zote zimebandikwa godoro. Huko Karen baridi ni ingine, miti inadondosha maji hata mvua ikiisha. Odhis akanipea chai haina sukari na vile vitu vya kuvaa masikio. Musyoka alikuwa amekaa kwa kona akikaza nyuzi za gita zenye hazikuwa zimelegea. Hapo ningejua.

Gita ikaanza chini chini. Nikatabasamu, nikashika kikombe vizuri kama mtu anapigwa picha.

*Kamene wa Mutinda, cherehani haina usingizi,*
*Kamene wa Mutinda, cherehani haina usingizi,*
*Ananunua tende River Road, anasema zimetoka Qatar.*

Sikumeza ile chai. Ilikaa tu mdomoni.

*Mzee hakupanda ndege, alipanda gari ya Kangundo,*
*Mzee hakupanda ndege, alipanda gari ya Kangundo,*
*Ako Joska na mama mwingine, na kuku zao zinataga.*

Basi. Kwa vile ndugu yangu ameamua ni wimbo, wacha mimi niiseme bila gita.

Watu wote Satellite wanajua Baba Mwende ako Qatar. Miaka saba. Hajawahi kufika Qatar. Wakati agenti alimwambia amempatia kazi huko, kikundi yetu ilimfanyia maombi ya kumsindikiza, hapa hapa nje ya duka, tukapika pilau sufuria mbili, akina mama wakamwekelea mikono kichwani wakilia. Akatoka na sanduku mpya. Miezi mitatu baadaye nikajua agenti alikuwa mwongo, hakukuwa na kazi, hakukuwa na ndege. Aliona aibu kurudi. Na huko Joska, hapo tu barabara ya Kangundo, kulikuwa na mama anauza chakula ya kuku, mwenye hakuwa amemwombea kitu na kwa hivyo hangemuuliza kitu. Akakaa. Ako huko mpaka saa hii, amenenepa.

Mimi ningesema tu. Lakini watu walikuwa wamekula. Unarudisha aje pilau?

Nikasema wacha ipite mwezi, nitasema. Mwezi ikakuwa mwaka. Halafu watu wakauliza mbona hatumi kitu, na mimi ni mtu wa majibu haraka, nikaenda River Road nikanunua tende, nikabandua karatasi ya bei, nikagawa hapa kwa plot, mlango kwa mlango. "Mzee ametuma." Mwaka uliofuata wakaziulizia wenyewe. Sasa huwa nanunua katoni. Musyoka ndiye hunisaidia kubeba, na ndiye alinipeleka Joska ile siku moja nilienda kuona na macho yangu. Mtu mwingine hajui. Hata Mwende nilimwambia juzi juzi tu, ameshakuwa mtu mzima.

Mimi, mwenye najua za kila mtu.

Nilivua ile kitu ya masikio nikaiweka mezani pole pole, kwa sababu ni ya wenyewe.

"Musyoka, umenivua nguo kwa mataa."

"Si nimekutaja," akasema.

"Umenitaja vile polisi hutaja."

"Mwiitu wa mwaitu," akaanza. Hiyo ni binti ya mama yetu, huniita hivyo akijua amekosa. "Mimi naimba kitu naonea uchungu."

"Na hukupata kitu ingine ya kuonea uchungu? Stima si inapotea kila siku?"

Odhis akacheka halafu akajifanya anakohoa. Nikamwangalia hadi akaacha kukohoa.

Huyo Odhis, enyewe ni mtu wa amani, akasema jina inaweza badilishwa. Mashairi ibaki, Kamene itoke, iingie mtu hayuko. Musyoka akachagua Katumbi. Akaingia ndani ya kale kachumba ka kioo, mimi nimekaa hapo nimekunja mikono. Akaimba "Katumbi wa Mutinda." Haki ya Mungu, ilikuwa kama mtu anasoma majina ya wagonjwa dirishani. Gita ile ile, mtu yule yule, na hakuna kitu. Akarudia. Mara ya tatu akafika kwa tende akasahau maneno, maneno yake mwenyewe. Odhis akazima mashine. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Musyoka akatoka. Akasema, "Ukisema nitoe, natoa. Zitabaki saba." Na akaangalia viatu.

Hapo ndio nilikasirika kabisa. Mtu akikataa, mnapigana mnamaliza, kila mtu anaenda kwake na sababu. Lakini mtu akikubali? Anakuachia mzigo kwa paja kama mtoto si wako. Huyu ni mtu hajawahi kuwa na kitu imeandikwa jina yake juu, labda kitambulisho. Na mimi si mjinga. Sijui muziki lakini najua nguo. Najua mshono yenye imeshika ile kitambaa yote, ukiitoa hiyo, zile zingine zinabaki tu ni vipande. Hata Odhis hakuhitaji kuniambia.

Nikasema nipewe tena, niskie mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nimetoa masikio katikati.

Mwisho ya hiyo wimbo gita inaacha kulia, inaanza kukimbia. Tuku tuku tuku tuku, inasimama, inavuta pumzi, tuku tuku tuku. Niliijua kabla kichwa ijue. Mguu yangu ilianza kukanyaga chini yenyewe. Ni cherehani yangu. Ni vile mimi hushona pindo nikifika kona. Miaka yote hiyo alikuwa amelala hapo nyuma ya pazia nikidhani anakoroma.

*Mzee hakurudi, na duka haikufungwa,*
*Mzee hakurudi, na duka haikufungwa,*
*Sema Kamene, sema Kamene, sema Kamene wa Mutinda.*

Hiyo ndio kutajwa sasa. Ile ya River Road, ile ya kunyoosha shati. Ameiweka huko mwisho, baada ya aibu yote, mpumbavu huyu.

Sikulia. Niliomba sukari.

"Acha vile iko," nikamwambia. "Jina na yote."

"Na watu wako wa Jumamosi?"

"Hiyo ni kazi yangu."

Nataka kuandika hapa ukweli, kwa sababu mahali pengine nimedanganya vya kutosha. Sikukubali kwa roho safi. Ile kitu ilikuwa kwa kichwa yangu nikitoka kwa hiyo geti ni hii: habari za Satellite natoa mimi. Haiwezekani habari yangu mimi itolewe na gita, watu wakiwa wamekaa na soda mkononi, na mimi nimesimama hapo kando ya spika kama bibi harusi. Nikajiambia naenda kwa Mama Shiro moja kwa moja, namwambia mwenyewe, yeye atanishika mkono, atasema pole, pengine atalia kidogo, na tutapanga vile tutawaambia wengine. Nilikuwa nimeshaona hadi vile atanishika.

Nimemkuta saa kumi na moja akikatia mteja sukuma. Nikamwambia yote, pale pale, nimesimama. Mteja naye alikuwa kwa simu kando.

Hakuacha kukata. Akaniskiza mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Ile mwaka walisema kuna joto inaua wafanyikazi huko, unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

"Nilifunga siku tatu. Siku tatu, Kamene, hata chai sikugusa. Kwa mtu anakula mayai Joska."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Ilinipanda mpaka hapa kwa koo. Ni vile alisema mayai. Nadhani aliona.

Akaweka kisu chini. Akasema, pole pole, bila hata kuinua sauti, na ningependa angeinua, "Mimi nilikuambia ya Baba Shiro yote. Yote. Ile usiku ya hospitali hakuna mtu mwingine nilimwambia."

Akafunika mboga zake na gunia, akafunga kamba, akaenda. Mteja akatoa simu kwa sikio akauliza, "Na sukuma yangu?" Nikachukua kisu nikamalizia kukata. Sikukata vizuri, nilikata kubwa kubwa. Yeye hukata laini kama uzi.

Hapo ndio nimekaa nikifikiria tangu hiyo saa. Si ile kufunga. Kufunga atasamehe, ni mtu wa Mungu, na kama sivyo tutacheka siku moja. Ni ile ingine. Miaka saba watu wamesimama mbele ya hii cherehani wakinipea ukweli wao. Mama Shiro alinipea wake wote, akitetemeka. Na mimi nimekuwa nikipokea ukweli ya watu, nikirudisha tende.

Hiyo inaniuma kuliko Joska. Joska ilishakauka.

Sasa ni saa moja jioni. Kawaida saa hii simu yangu imelia mara tano. Leo imelia mara moja, Musyoka, anauliza kama niko sawa, nikamwambia aende huko na blues zake, halafu nikamuuliza kama amekula. Mahali pengine hapa Satellite watu wanaambiana kuhusu Kamene, na kwa mara ya kwanza si mimi naongea. Kumbe ndio huwa hivi.

Kwa hivyo nimeandika yote hapa, na nikimaliza natuma hii kwa kikundi ya maombi kabla nifikirie. Kama ulikuwa umeambiwa na mtu mwingine, hiyo yako haina pilau na haina agenti. Chukua hii. Na kama nilikupea tende, pole. Zilikuwa tamu lakini.

Jumamosi bado iko. Spika nimeshaahidiwa. Wimbo namba nne itapigwa, mimi nikiwa hapo, aje mtu asije mtu.

Kitu imebaki ni viti. Zile za kanisa, ishirini, ziko kwa stoo na ufunguo hukaa na Mama Shiro. Kesho asubuhi lazima nimgongee. Nimejaribu kupanga vile nitaanza, nimekaa hapa na kalamu kama mtoto wa mtihani. Nikisema pole, ni ndogo. Nikisema ufunguo, ni matusi.

Mimi, Kamene wa Mutinda, sijui nitaanza na neno gani.